JIKO LA ZAMANI LISINGOJEE JIPYA

Askari ana makao mawili. Makao ya kwanza ni yale anayopewa na serikali kambini au kituoni, nayo hubadilika kila anapohamishwa. Makao ya pili ni boma lake la nyumbani, walipo wazazi wake, mkewe na watoto wake, nayo hayabadiliki. Katika makao yote mawili kuna chumba kimoja ambacho hutajwa mwisho kila mara hesabu ya fedha ifanywapo, ijapokuwa ndicho kinachofunguliwa kabla ya vingine alfajiri na kufungwa baada ya vingine usiku. Chumba hicho ni jiko.

Mtu apitaye katika vijiji vya Petta, wilayani Tororo, na katika vijiji vingine vilivyo kati ya mji wa Tororo na mpaka wa Busia, haoni shida kutambua boma la mtu mwenye mshahara. Ataona msingi wa matofali uliokwisha kuota nyasi, na rundo la mchanga ambalo mvua imelisambaza. Hatua chache kutoka hapo ataona jiko la zamani la miti na udongo, moshi ukipenya katika nyasi za paa kila asubuhi. Mwenye boma akiulizwa kwa nini jiko lile halitengenezwi, atajibu kwamba atajenga jipya.

Jibu hilo ni la busara likidumu mwezi mmoja. Likidumu miaka saba, limekuwa amri ya kumwacha mama mzazi au mke ndani ya moshi kwa miaka saba. Fedha za jiko jipya huliwa na karo ya shule, na matibabu, na msiba, na ng'ombe wa mahari, na hakuna wa kulaumiwa kwa hayo. Lakini jiko la zamani nalo huachwa lioze kwa sababu tu kuna ahadi ya jipya.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba jiko kuukuu laweza kutengenezwa kwa fedha chache na kwa siku za likizo moja, bila kuuharibu mpango wa kujenga jipya, ikiwa mwenye nyumba atashika kanuni mbili. Kwanza, aanze na kile kinachomdhuru mpishi, si kile kinachomwaibisha yeye mbele ya wageni. Pili, fedha zake azitumie kwa vitu vitakavyohamia katika jiko jipya. Na kwa yale yatakayobomolewa, atumie udongo, chokaa na nguvu za mikono.

GHARAMA YA KUNGOJA

Wako wanaodhani kwamba kungoja hakugharimu kitu. Dhana hiyo si sahihi. Moto wa mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni, na hupulizwa na kila upepo uingiao mlangoni. Kuni zinazoteketea bure zinatafutwa na mtu, tena mara nyingi ni mtoto ambaye angekuwa anasoma, au zinanunuliwa kwa fedha ile ile inayodaiwa kwamba inawekwa akiba ya kujengea jiko jipya.

Kuna gharama kubwa zaidi ya kuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na moto wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni, miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Moshi huo huchangia nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huchangia maradhi ya mapafu, ya moyo, kiharusi na mtoto wa jicho. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni mwa mama yake mbele ya mafiga huvuta moshi ule ule anaouvuta mama, kwa mapafu yaliyo madogo zaidi.

Askari amefundishwa kuhesabu hatari hata pale asipouona uso wa adui. Basi na hatari hii aihesabu.

UPELELEZI KABLA YA KAZI

Hakuna kikosi kinachoondoka kambini bila kupeleleza njia. Kadhalika, mwenye nyumba asinunue hata msumari mmoja kabla ya kumwuliza yule anayelitumia jiko. Kwa desturi za vijiji vingi vya huku, jiko ni milki ya mwanamke, na mwanamume mwenye adabu haingii kupanga vyungu vyake. Basi na akae kwenye kigoda penye mlango, na aulize kwa heshima: "Mama, katika jiko hili ni kitu gani kinachokuchosha kuliko vyote?" Huenda akastaajabu. Yeye aliyekuwa akifikiria rangi ya ukuta ataambiwa habari za mtungi wa maji ulio mbali, au mlango usiofungwa ambao kuku huingia nao, au giza linalomfanya mpishi apepete mchele uani hata wakati wa mvua.

Jambo hili si la vijijini peke yake, wala si la Afrika peke yake. Mwaka 1926 mbunifu wa majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo na fedha zilikuwa haba. Yeye hakuanza na mapambo. Alitazama jinsi mpishi anavyokwenda na kurudi, akahesabu hatua na muda wa kila kazi, kisha akapanga kila kitu mahali ambapo mkono ungekifikia. Chumba alichokitoa kilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yalijengwa mjini humo.

Kipimo hicho kinaweza kuchukuliwa Petta bila gharama. Mwenye nyumba na amtazame mpishi anapoandaa mlo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, naye ahesabu: ametoka nje mara ngapi, ameinama mara ngapi, ametafuta kisu au chumvi mara ngapi, amefuta macho mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuwa orodha ya kazi. Aghalabu nusu ya matatizo huondoka kwa kuhamisha vitu tu: maji yasogezwe karibu na mahali pa kuoshea, kuni ziwekwe upande wa mlango wa jiko, na chumvi na mwiko vipate ndoano au rafu inayofikiwa bila kuinuka.

MOSHI NDIO ADUI WA KWANZA

Kazi ya kwanza ni kufagia. Masizi yaliyoning'inia chini ya paa la nyasi si uchafu wa kuudhi macho peke yake. Cheche ikiyafikia, yaweza kushika moto. Vyombo vyote vitolewe nje, watoto waondolewe, na mfagiaji ajifunge kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni. Afagie kutoka juu kwenda chini kwa ufagio wa mti mrefu, kwa utaratibu, bila kuchapa nyasi. Kama jiko lina paa la bati na kuta za matofali, masizi yaliyoganda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, au kwa maji yaliyochanganywa na magadi, kisha kwa maji safi.

Kazi ya pili ni kuupa moshi mlango wake. Moshi wa moto hupanda juu. Hivyo dirisha lililo chini halitoshi. Nafasi iachwe juu ya ukuta, chini ya ukingo wa paa, pande mbili zinazoelekeana, ili hewa ipite. Dirisha dogo laweza kupanuliwa, mradi ukuta ukaguliwe kwanza na fundi, na mti mgumu uwekwe juu ya nafasi hiyo kuushikilia udongo. Wavu wa chuma ukiwekwa dirishani, kuku na panya watazuiliwa bila kuizuia hewa.

Kazi ya tatu ni kuyaondoa mafiga matatu na kujenga jiko la udongo. Ujuzi wa jiko la namna hii umesafiri mbali. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1976 nchini Guatemala, watu walijenga huko majiko ya udongo na mchanga, yakapewa jina la Lorena, ambalo limeunganishwa kutokana na maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya tope na mchanga. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Larry Winiarski alieleza kanuni za jiko la roketi, ambalo moto wake huwaka ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na kitu kisichopitisha joto kwa urahisi, hata moshi mwingi ukaungua kabla ya kuifikia sufuria. Majiko hayo mawili yaliunganishwa kuwa jiko moja, nalo lilienezwa vijijini Uganda katika miaka ya 2000 na Wizara ya Nishati ikishirikiana na shirika la Ujerumani la GTZ.

Vifaa vyake vinapatikana bila kwenda dukani. Udongo wa kichuguu hupondwa na kuchekechwa, kisha huchanganywa na maji pamoja na nyasi zilizokatwakatwa au unga wa mbao, na kukanyagwa mpaka ushikamane. Vipande vya mgomba husimamishwa mahali patakapokuwa mlango wa kuni, njia ya moto na dohani. Udongo hushindiliwa kuvizunguka, na ukianza kukauka vipande hivyo huchomolewa, nafasi zikabaki. Matundu ya juu hupimwa kwa sufuria zile zile zinazotumika kila siku, si kwa sufuria ya kuazima. Chini ya kuni huwekwa kijukwaa ili hewa ipite kwa chini. Nyasi na unga wa mbao uliomo huungua pole pole ndani ya udongo, ukaacha vinyweleo vinavyolihifadhi joto.

Fundi mwenye mazoezi aitwe, hata kama malipo yake ni ya shilingi; ujira huo si hasara, kwa kuwa njia ya moto ikiwa pana mno au dohani ikiwa fupi mno, jiko litarudisha moshi ndani. Tena dohani isipitishwe katika paa la nyasi hata siku moja. Itolewe ukutani, na mdomo wake ukae mbali na nyasi. Na jambo linalosahauliwa sana ni muda: jiko la udongo huhitaji majuma mawili au matatu kukauka kabla ya kuwashwa moto mkubwa. Likiharakishwa hupasuka.

Wakati huo wa kungoja, familia yaweza kupikia uani kwa jiko la mkaa la kubebeka. Lililo bora ni lile la bati lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo uliochomwa ndani yake, ambalo lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, na ambalo mafundi wa jua kali walilieneza hadi likajulikana Afrika ya Mashariki yote. Hutumia mkaa mchache kuliko jiko la bati tupu, nalo ni miongoni mwa vitu vitakavyohamia katika jiko jipya.

Hata jiko lililo bora kabisa litatoa moshi likilishwa kuni mbichi. Kuni zipasuliwe ziwe nyembamba, zipangwe chini ya upenu mahali pasiponyeshewa, na zisitumike kabla ya kukauka barabara. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na sufuria iliyofunikwa hupunguza kuni bila kumgharimu mtu senti moja.

KUTA, SAKAFU NA NURU

Moshi ukisha kupatiwa njia, ndipo kuta zishughulikiwe. Anayetanguliza kuta hupaka chokaa ambayo itakuwa nyeusi kabla ya likizo yake kwisha.

Hapa wengi huvutwa na saruji. Tororo ni mji wa saruji. Kiwanda chake kilianzishwa katika miaka ya 1950, kikitumia mawe ya chokaa ya vilima vya huko, na jina la mji huo limeandikwa katika mifuko ya saruji hata leo. Kwa hiyo mtu huona ni fahari kulisiriba jiko la udongo kwa saruji ya nyumbani. Lakini saruji ni ngumu na udongo ni laini. Udongo huvimba kidogo kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, saruji haufuati mwendo huo. Baada ya misimu michache huachana na ukuta na kuanguka vipande vipande. Tena, unyevu ulionaswa nyuma yake huulainisha ukuta wenyewe. Saruji iwekwe akiba kwa msingi wa jiko jipya.

Ukuta wa udongo hutibiwa kwa udongo. Nyufa hukwanguliwa, hulowanishwa na kujazwa mchanganyiko wa udongo, mchanga na nyasi fupi. Zikisha kukauka, ukuta wote hukandikwa kwa udongo laini uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, kazi ambayo wanawake wa Budama na wa Uteso wanaijua vizuri kuliko mwalimu yeyote. Sehemu ya chini ya ukuta kwa nje, ambayo hupigwa na matone ya mvua, iongezewe unene na kuinamishwa ili maji yatiririke mbali. Sakafu nayo ishindiliwe, isawazishwe na kukandikwa kwa mchanganyiko ule ule. Shimo dogo sakafuni ndilo huangusha sufuria ya maji ya moto juu ya mtoto.

Juu ya udongo uliokauka hupakwa chokaa iliyozimwa. Huchanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, huongezwa chumvi kidogo ili ishike, na hupakwa mara mbili au tatu kwa tabaka nyembamba juu ya ukuta uliolowanishwa. Chokaa huunguza macho na ngozi. Hivyo mpakaji avae miwani na mikono mirefu, na watoto wasiikoroge. Faida yake si weupe tu. Ukuta mweupe huirudisha nuru ndani, na jiko lililokuwa na giza saa sita mchana hupata mwanga bila taa. Penye paa la bati, bati moja la plastiki linalopitisha nuru, likipigiliwa juu ya mahali pa kukatia mboga na mbali na moto, litamaliza giza lililobaki.

Ukuta wa matofali uliopigwa lipu waweza kupakwa rangi, lakini usipakwe juu ya masizi. Mafuta yaliyomo katika masizi hupenya rangi mpya na kutokeza madoa ya manjano. Ukuta uoshwe, ukauke, upigwe msasa, ndipo rangi ya maji ipakwe juu na rangi ya mafuta ipakwe sehemu inayorukiwa na maji na mchuzi, ambayo itafutika kwa kitambaa.

VITU VITAKAVYOHAMA

Yote yaliyotajwa katika sehemu iliyotangulia yatabomolewa siku jiko jipya litakaposimama, na ndiyo maana yamefanywa kwa udongo na jasho. Fedha taslimu inunue vitu vyenye miguu, yaani vitu vinavyoweza kuhamishwa.

Meza imara ya mbao, ambayo kimo chake kimepimwa kwa mpishi mwenyewe, itamwinua kutoka sakafuni leo na itaingia katika jiko jipya kesho. Rafu zifungwe kwa bolti na nati badala ya misumari, ili zifunguliwe bila kupasuka. Kabati la chakula liwe na mlango wa wavu, na miguu yake isimamishwe katika makopo yenye maji ili chungu wasipande. Ndoo kubwa yenye mfuniko na koki, juu ya kigoda, ni bomba la maji la bei nafuu, na mikono huoshwa chini ya maji yanayotiririka. Taa ya nguvu za jua itahama pamoja na mwenye nyumba hata akihamishwa hadi Karamoja.

Nje ya jiko pajengwe kichanja cha kuanikia vyombo, juu ya nguzo nne, kwa miti iliyonyooka. Jua ni dawa isiyouzwa, na sahani iliyokauka juani juu ya kichanja haikulambwa na mbwa wala haikufutwa kwa kitambaa chafu. Kando yake pawe na shimo la taka lenye kifuniko na mfereji wa kupeleka maji machafu kwenye shina la mgomba.

Wengi wa askari wetu hununua vitu vya nyumbani Busia au Malaba, ambako bei za pande mbili za mpaka hupanda na kushuka kwa kufuata thamani ya shilingi zetu na za Kenya. Hapana ubaya wowote katika hilo, mradi mnunuzi apite penye ofisi ya forodha, atoe hesabu ya alichonunua na alipe kinachodaiwa kama raia mwingine. Gwanda si risiti. Rangi ya debe mbili iliyopitishwa njia ya panya ni ghali, kwani anayeipitisha amemwonyesha kila mlanguzi wa mahali hapo kwamba sheria ina mlango wa nyuma.

JIKO LA KAMBINI NA LA KITUONI

Makao ya serikali yana masharti yake. Askari asivunje ukuta, asitoboe paa na asiguse nyaya za umeme bila idhini ya mkubwa wake na ya afisa anayesimamia majengo. Hata hivyo yako mengi yasiyohitaji idhini ndefu. Mlango wa kabati unaoning'inia huhitaji skrubu mpya za bawaba. Koki inayovuja mara nyingi huhitaji kipira kipya cha ndani, si koki mpya. Sinki lililokuwa jeusi hurudi kuwa jeupe kwa kusuguliwa kwa majivu laini na ndimu. Meza iliyochakaa hupewa uso mpya kwa kipande cha linoleamu kilichobandikwa vizuri, ambacho kitabanduliwa siku ya kuhama.

Neno la tahadhari liwaendee hasa wale wanaokaa katika vyumba vidogo na vibanda vya bati vya duara, ambavyo polisi wengi wa Uganda wamevijua kwa jina la yunipoti. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiachwe humo usiku kwa ajili ya kupasha joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii ikija. Huumwa kichwa, hulegea, kisha haamki. Kuwepo kwa makaa mekundu yasiyo na moshi si dalili ya usalama. Pahali pa kupikia pawe nje, chini ya kibanda kidogo chenye paa na pande zilizo wazi, hata kama majirani watatu watakijenga kwa ushirika na kukitumia kwa zamu. Kibanda cha namna hiyo huhitaji mabati machache na nguzo, nacho chaweza kuokoa roho.

HESABU YA LIKIZO

Kazi isiyopangwa huishia katikati. Katika nchi ya Tororo na Busia kazi ya udongo hufaa zaidi kati ya Desemba na Februari, kabla ya mvua za Machi. Askari aliyepata likizo wakati huo na aanze na jiko la udongo siku ya kwanza au ya pili, kwa kuwa ndilo linalohitaji muda mrefu wa kukauka. Wakati linakauka, masizi yafagiwe, nafasi za hewa zifunguliwe, nyufa zizibwe na kuta zikandikwe. Juma la pili ni la chokaa, sakafu na kichanja. Seremala aagizwe meza mapema, ili iwe tayari siku ya kurudisha vyombo ndani. Ikiwa likizo ni fupi, jiko la udongo na nafasi za hewa zifanywe, na mengine yaachwe kwa wanafamilia. Chokaa yaweza kungoja, moshi usingoje.

Ipo na hesabu ya mkopo. Wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Vyama hivyo ni msaada mkubwa kwa mtu anayejenga kwa mpango, aliyekwisha kupata ramani na bei za vifaa, na anayejua kiasi kitakachokatwa katika mshahara wake kila mwezi. Lakini si busara kukopa kwa ajili ya kupaka rangi na kubandika vigae juu ya ukuta utakaobomolewa. Mkopo na uwe wa msingi, kuta na paa la jiko jipya. Matengenezo ya jiko la zamani yatoke katika fedha iliyopo mfukoni. Na kama fedha hiyo haipo, yatoke katika kichuguu.

Tena kulitengeneza jiko la zamani ni shule ya kulijenga jipya. Mpishi aliyekaa mwaka mmoja na dirisha jipya ataeleza kama lilistahili kuwa upande wa mashariki. Aliyetumia meza iliyopimwa kwa kimo chake atamwambia fundi mwashi kimo cha kujenga. Aliyepanga maji karibu na moto atajua kama ni karibu mno. Askari ambaye familia yake imekwisha kuyajaribu mambo hayo kwa udongo hatayakosea kwa saruji, na saruji ikikosewa hairekebishwi kwa jembe.

Msingi ule ulioota nyasi hauna kosa. Siku yake itafika, na matofali yatapanda juu yake. Hadi siku hiyo kuna milo mitatu ya kupikwa kila siku katika jiko lililopo, na kuna mtu anayeipika. Mwenye likizo ijayo na abebe brashi moja, mfuko mmoja wa chokaa na kilo chache za skrubu na bolti. Na kabla ya kufungua mfuko huo, akae mlangoni mwa jiko na kumwuliza mwenyewe aanzie wapi.